Breki ya Mbele

Januari 11

Skolastika, nesi mwenzangu, kaondoka. Uhamisho wake wa Mbeya ulikuja wakati wa korosho, tukajifanya hatujauona mpaka korosho zikaisha. Leo lori la mwisho la kubeba magunia limempa lifti. Alikaa mbele na dereva, begi mapajani, godoro limefungwa juu kabisa ya magunia na kufunikwa turubai kwa sababu mvua ilikuwa inanyemelea.

Maneno yake ya mwisho hayakuwa ya kuagana. Alichungulia dirishani akasema, "Bena, yale mafuta ya breki ya pikipiki ni ya zamani sana. Mwambie Dokta yabadilishwe kabla mvua hazijakolea." Mimi nikasema sawa. Lori likaondoka. Nilitaka kumwambia kitu kingine, sijui hata kitu gani.

Nyumba ya watumishi wa zahanati ina vyumba viwili. Chumba chake kimebaki na chaga za kitanda na msumari aliokuwa anatundikia kofia ya pikipiki.

Januari 14

Mvua. Wagonjwa wachache. Nimepika ugali wa watu wawili kwa mazoea.

Januari 20

Nimemwambia Dokta Benjamini habari ya mafuta ya breki. Alikuwa anakunja shuka za wodi ndogo, yeye mwenyewe, kwa sababu mhudumu yuko likizo. Hakugeuka.

"Inashika?"

"Inashika, Dokta, ila Skolastika alisema..."

"Kama inashika, basi. Kuna mambo mengi ya kutengeneza hapa."

Ndivyo alivyo. Tangu aje zahanati hii sijamwona akicheka na mtu. Anakula peke yake, redio yake imewashwa chini chini. Skolastika alikuwa akimwita Ukuta, na sisi wawili tulikuwa tunacheka jikoni hadi machozi. Siwezi kucheka peke yangu jikoni. Nimejaribu.

Januari 28

Nimepanda kwenye kichuguu nyuma ya shule ambako mtandao unashika, nikampigia Skolastika. Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu wengi, wanacheka. Akasema, "Bena, nitakupigia." Nikakaa pale mpaka manyunyu yakawa mvua kamili. Hakupiga.

Kapata wenzake. Ni haki yake.

Februari 1

Mvua tangu asubuhi. Barabara ya kushuka mteremko wa Namkongo imechimbika. Magari hayapandi tena.

Februari 5

Naandika kwa shida, kidole gumba kimevimba. Lakini nataka niandike leo, kabla watu hawajanisimulia mambo yangu wenyewe kwa namna yao.

Naima, mke wa Jafari, aliletwa asubuhi. Mimba ya kwanza, miezi minane. Uso umevimba, kichwa kinamgonga, anaona vimulimuli. Nilipopima presha nilimwita Dokta bila kumaliza kufungua kile kitambaa mkononi mwake. Tukampa sindano, tukampa dawa ya kushusha. Dokta akapiga simu hospitali. Wakasema gari la wagonjwa linakuja, lakini litaishia kwenye lami. Namkongo haliwezi.

"Mshushe wewe kwa pikipiki," Dokta akaniambia. "Mimi siwezi kuacha yule mtoto wa malaria. Polepole tu."

Jafari alimpandisha mkewe nyuma yangu, akamfunga kwangu kwa kanga mbili. Nikamvalisha kofia yangu. Jafari akasema yeye atakimbia njia ya mkato ya mashambani, atatukuta chini.

Mvua ilikuwa imekata. Jua kali likatoka, udongo unafuka mvuke. Nikashuka na gia ya kwanza. Breki ya nyuma ni ya ngoma, ilikuwa imejaa tope na haina nguvu, kwa hiyo nilikuwa naiegemea ile ya mbele, ya diski. Naibana, naiachia kidogo, naibana tena. Mteremko wa Namkongo ni mrefu. Kufika katikati nikasikia harufu ya kitu kinaungua. Nikasema moyoni ni klachi.

Pale mahali ambapo njia inakunja kukwepa korongo, nikabana breki. Mkono wa breki ukaenda mpaka mwisho. Ukagusa usukani kama vile nimebana sifongo. Pikipiki ikaongeza mwendo.

Nikabana tena, tena, tena. Hakuna kitu. Nilisikia Naima nyuma yangu anasoma, "La ilaha illallah." Korongo liko kushoto. Kulia kuna tuta na shamba la muhogo. Nikaikata kulia.

Tuta lilitusimamisha. Mimi niliruka juu ya usukani kwa sababu kanga ilikatika, na nashukuru ilikatika, maana ningemvuta. Naima alilalia ubavu kwenye tope, ameshika tumbo kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa chini yake, na nilipomgeuza niliona kifundo kimekaa vibaya.

"Mtoto anacheza?" nikamuuliza.

"Anacheza."

"Kichwa?"

"Kinauma vilevile. Nesi, usiniache."

"Siendi popote."

Nikamfunga mkono kwa vijiti vya muhogo na kipande cha kanga. Nikakaa kwenye tope, kichwa chake mapajani pangu, nikaanza kupiga kelele za kuomba watu. Wa kwanza kutokea alikuwa Jafari. Alitazama mkewe, akatazama pikipiki, akanitazama mimi. Wanaume wa mashamba ya karibu walitoa kitanda cha kamba kibandani, wakambeba mpaka kwenye lami. Mimi nilitembea pembeni nimeshika mkono wake mzima mpaka gari likafunga mlango.

Februari 6

Simu kutoka hospitali. Amepasuliwa. Mtoto wa kiume, mdogo sana, anapumua. Mama naye yupo. Alhamdulillah, kama wanavyosema majirani zangu. Nimelia nikiwa nafua koti.

Februari 9

Kikao, kwenye baraza ya ofisi ya kijiji. Mtendaji, Dokta, mimi, Jafari aliyetoka hospitali kwa ajili ya hilo tu. Pikipiki ilikuwa imeletwa, imeegemezwa ukutani, taa imevunjika.

Mtendaji akaniuliza kilichotokea. Nikasema breki ya mbele ilikufa. Mtendaji akasimama, akaibana. Ikawa ngumu, imara kabisa. Akamwita Dokta, naye akaibana. Wakaisukuma mbele huku wameibana, tairi la mbele likagoma kuzunguka.

"Nesi, hii breki inashika," Mtendaji akasema, kwa upole. Upole wake ndio ulioniumiza.

Mimi mwenyewe nikaibana. Ilishika. Nilihisi kama nimesingiziwa na chuma.

Jafari akasema, "Nilikukabidhi mke wangu, Nesi. Sikukukabidhi gunia la muhogo. Ungesema tu ulikuwa mwendo kasi."

Nikamtazama Dokta ili aseme kwamba nilishamwambia habari ya mafuta. Alikuwa anaangalia chini. Akaandika taarifa yake kwamba chanzo hakijulikani. Pikipiki isitumike.

Februari 11

Kisimani niliwasalimu wanawake. Wakajibu, wakaondoka na ndoo nusu.

Februari 14

Nimeshuka Namkongo kwa miguu, nikapanda basi mpaka Mtama kwa fundi Stephano. Nilimkuta amelala chini ya pikipiki, miguu tu inaonekana, nikaieleza ile miguu jinsi breki ilivyokufa mteremkoni. Akatoka, akafuta mikono.

"Dada, ulisikia harufu ya kuungua?"

"Nilisikia."

"Na ilipopoa ikarudi kushika."

Nilikuwa sijamwambia hilo. Nikakaa kwenye ndoo yake iliyopinduliwa.

Akanieleza taratibu. Mafuta ya breki yanakunywa maji kutoka hewani, mwaka hata mwaka, zaidi penye unyevu kama kwetu. Ukiibana breki mteremko mzima, diski inapata moto, moto unaingia kwenye mafuta, yale maji yaliyomo yanachemka na kuwa mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea. Kwa hiyo unabana mvuke, breki haipati kitu. Ikipoa, mvuke unarudi kuwa maji, breki inashika, na kila mtu anakuona mwongo.

"Si wewe wa kwanza," akasema.

Angeitengeneza, lakini pikipiki imezuiwa kutoka uani na yeye hawezi kupanda kwetu na tope hili. Akanifundisha niifanye mwenyewe nyumbani. Nikamwomba aniuzie mafuta. Akachukua kopo, akalitazama, akalirudisha. "Hili lilishafunguliwa siku nyingi. Tafuta lenye lakiri, na liwe namba ileile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo pale usukanini. Usichanganye kitu kingine."

Nimerudi na spana tu. Lakini nimerudi nikiwa najua kwamba sikuota.

Februari 19

Mfungo umeanza. Mwaka jana magharibi kama hii sahani zilikuwa zinakuja mpaka mlangoni kwetu, mihogo ya nazi, uji wa pilipili manga, na Skolastika akisema Waislamu watatunenepesha. Leo nimesikia kila nyumba ikifuturu. Kwangu hakuna aliyegonga.

Februari 23

Nimefungua kile kikopo cha usukanini. Nilitegemea kuona kitu cha rangi ya asali changa. Niliona kahawa. Chini kuna tope laini.

Nikamwita Dokta. Alikuja na koti lake jeupe, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Nikamweleza maneno ya fundi Stephano. Akapitisha kidole kwenye maandishi ya kifuniko, akanawa mikono kwenye pipa, akaondoka.

Ukuta, nikasema kwa sauti. Hakuna wa kucheka naye.

Machi 2

Dokta kaenda Lindi kikaoni. Zahanati nzima mimi.

Machi 4

Amerudi. Aligonga mlango wangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akanipa mfuko. Ndani chupa mbili za mafuta ya breki, lakiri hazijaguswa.

"Kifuniko kilisema namba nne. Nimezunguka maduka matatu."

Nikamkaribisha chai. Akakataa, halafu akabaki amesimama pale pale.

"Uliniambia Januari," akasema. "Na kwenye kikao nilinyamaza. Nimemweleza mganga mkuu wa wilaya, kwa mdomo na kwa maandishi." Kisha akasema, kama anayezungumza na mlango, "Mke wangu alifariki kwenye ajali ya gari. Nikisikia neno ajali huwa nasubiri lipite."

Akaondoka. Miaka miwili tumefanya kazi na mtu huyu tukimpa jina.

Machi 7

Nimejaribu peke yangu.

Nilianza vizuri. Nilivaa glavu na miwani ile ya kuzalishia, maana fundi alisema mafuta haya yakiingia jichoni ni balaa. Nikafunika tangi na taa kwa plastiki na matambara, kwa sababu yanakula rangi, na nikaweka ndoo ya maji karibu ya kusuuzia. Nikayavuta mafuta machafu ya kikoponi kwa bomba la sindano, nikafuta ndani kwa kitambaa safi, nikajaza mapya. Chini, pale breki inapong'atia diski, kuna kinati kidogo cha kutolea upepo. Nikakivalisha mrija wa dripu uliopitwa na wakati, ncha ya pili nikaizamisha kwenye chupa yenye mafuta kidogo ili hewa isirudi. Kutoa hewa kwenye mrija ni kazi yangu ya kila siku. Nikajiona fundi.

Kanuni ni fupi: bana breki, shikilia, legeza kinati, mafuta yatoke, kaza kinati, ndipo uachie. Ukiachia kabla hujakaza, inavuta hewa. Na kikopo cha juu kisikauke hata mara moja.

Mkono wa kulia juu, wa kushoto chini, shavu kwenye tangi. Kahawa ikaanza kushuka mrijani. Nikafurahi nikaganda kuitazama, nikisubiri iwe asali, ikawa asali. Nilipoinua kichwa, kikopo cha juu kilikuwa kikavu.

Mapovu yakashuka kwenye mrija kama shanga. Nikajaza upya, nikaanza upya. Kidole changu gumba bado hakina nguvu, kila mara mkono unateleza kabla sijakaza. Chupa ya kwanza ikaisha. Breki ikawa sifongo, mbaya kuliko siku ile.

Mvua ikaanza. Nikakaa chini ubarazani, glavu mikononi. Kazi za pikipiki tulikuwa tunazifanya wawili, mimi na Skolastika. Yeye chini na spana akirekebisha klachi, mimi juu, "Bana!", "Nimebana!" Sikujua kwamba yale maneno mawili yalikuwa mazungumzo.

Machi 8

Nimepanda kichuguu, nikampigia Skolastika, nikamwambia yote. Ajali, kikao, kisima. Nilipomaliza akauliza:

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na watu. Nilisikia wanacheka."

"Bena, ile ilikuwa televisheni ya mama mwenye nyumba. Mimi huku nakula mkate na chai mlango umefungwa. Sikukupigia kwa sababu kila nikisikia sauti yako nataka kupanda basi."

Tukalia wote, yeye kwenye baridi ya Mbeya, mimi kwenye mchwa. Mwisho akasema, "Mtafute mtu wa kubana. Mtu yeyote. Usiifanye peke yako."

Lakini nani?

Machi 9

Nilitaka kumwomba Dokta. Ana homa, amelala.

Machi 13

Mvua.

Machi 15

Naima amekuja.

Nilikuwa uani nafunika pikipiki na turubai. Nikasikia hodi. Kasimama pale na mtoto mgongoni, mkono wa kushoto una bandeji, na nyuma yake Jafari amebeba sahani iliyofunikwa kawa.

"Shikamoo, Nesi."

Mimi na yeye hatupishani miaka mingi hivyo. Nikaitikia marahaba kwa aibu.

"Tumerudi leo kutoka hospitali, nikamwambia Jafari lazima nije kwako kabla jua halijazama," akasema. "Nimesikia walichosema kwenye kikao. Hakuna aliyeniuliza mimi. Nesi, mimi nilikuwa nyuma yako. Niliuona mkono wako. Ulikuwa umebana mpaka mwisho, vidole vimekuwa vyeupe, na pikipiki inakwenda. Nimemwambia mume wangu. Nimemwambia Mtendaji, hapa natoka kwake."

Jafari aliweka sahani barazani. "Futari hiyo," akasema. "Nisamehe, dada. Niliogopa, nikatafuta wa kumwangushia lawama."

Nilijibu, "Yameisha." Siyo kweli kwamba yaliisha pale pale. Lakini niliwatandikia mkeka.

Jafari alikwenda kutafuta kuni. Naima akaitazama pikipiki. "Imekwisha tengenezwa?"

Nikamweleza kwamba inahitaji mtu wa pili. Akamfungua mtoto, akamlaza kwenye mkeka mbali na chupa zangu, akanyoosha mkono wa kulia. "Huu mzima. Niambie."

Nikamvalisha glavu na miwani. Nikafungua chupa ya pili. Nikalala chini na spana.

"Bana."

"Nimebana."

"Shikilia, usiachie." Nalegeza, mapovu yanatoka, nakaza. "Achia taratibu. Kikopo kikoje?"

"Kimepungua. Niongeze?"

"Ongeza."

Alikuwa hodari. Hakusubiri niulize tena, alikuwa anakichungulia kikopo kama anachunga maziwa yasifurike. Mapovu yakawa makubwa, yakawa madogo, yakawa kama vumbi, kisha hayakuwepo. Mrijani kukabaki asali tupu.

"Nesi! Imekuwa ngumu! Haiendi tena!"

Nikainuka nikaibana. Ilisimama katikati, imara, haizami hata nikiishikilia. Tukafunga kikopo, nikasuuza kila mahali kwa maji, nikafuta diski kwa spiriti isibaki na mafuta, nikakagua kinati kama kinavuja. Mafuta machafu nikayafunga kwenye chupa yenye alama, nitampelekea fundi Stephano, siyamwagi karibu na kisima cha watu. Kisha tukaisukuma uani, mimi nabana, yeye anasukuma na bega. Ikagoma.

Adhana ikaita. Tulifuturu barazani, watu wazima watatu, na mtoto anaitwa Abdurahmani.

Machi 21

Idi mosi. Sahani zimekuja nyingi, nimeshindwa kuzimaliza. Nimempelekea Dokta. Alisema asante, akanionyesha picha ya mkewe bila mimi kuomba.

Machi 28

Dokta ameibana breki ikiwa baridi, akaiendesha tambarare ya shule polepole, akasimama, akaenda tena, akaigusa diski kwa mgongo wa kidole. Akasema pikipiki itumike. Jioni nimekula peke yangu, redio yake inasikika ng'ambo ya ua.

Aprili 10

Leo Abdurahmani alitakiwa hospitali kuangaliwa uzito. Jafari yuko shambani anapalilia. Nikatoa pikipiki, nikamwambia Naima, "Panda, nitakushusha mpaka kwenye lami."

Akaikaribia. Akashika kiti. Kisha akauondoa mkono.

"Nesi, hiyo breki nimeibana mwenyewe, najua inashika. Lakini moyo wangu bado. Wewe tangulia, mimi nitatembea."

Nilikuwa nimeshavaa kofia. Ningetangulia, ningemsubiri chini. Badala yake nikazima injini, nikavua kofia, nikaitundika kwenye usukani.

Tukashuka Namkongo kwa miguu. Yeye na mtoto upande wa tuta, mimi upande wa korongo, nasukuma pikipiki na kuizuia kwa breki hatua kwa hatua. Alinisimulia wodi ya watoto njiti, jinsi akina mama wanavyobebeana zamu za kulala. Mimi nikamsimulia habari za Skolastika, nikacheka mwenyewe njiani kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Chini kabisa bodaboda alitukuta, akapunguza mwendo, akatutazama tulivyoloa jasho.

"Akina dada, vipi, imeharibika?"

Naima akamjibu kabla yangu. "Nzima. Tunatembea tu."